Vidukari kwenye sukuma wiki: anza na sabuni kabla ya kununua dawa

Jua la Januari na Februari likishika Nairobi, wateja wengi hufika kitaluni kwetu na jani la sukuma lililojikunja, chini yake limejaa wadudu wadogo wa kijivu kama waliopakwa unga. Hao ni vidukari. Wengi huomba dawa kali. Dawa tunauza, lakini kwa mboga iliyopandwa kwenye gunia au nyuma ya nyumba, ambayo kesho kutwa utawapikia watoto, tunakusihi uanze na vitu vya jikoni.

Kidukari hufyonza utomvu wa majani machanga. Jike huzaa bila dume, na kukiwa na joto watoto wake nao huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Ndiyo maana unaona wachache leo, na baada ya muda mfupi jani lote limefunikwa. Masika yakianza, matone ya mvua huwaangusha wengi. Kiangazi, kazi hiyo ni yako.

Wakiwa kwenye majani mawili matatu tu, yachume uyatupe mbali, au waponde kwa vidole kisha usuuze jani. Kwa gunia moja, mara nyingi hiyo yatosha.

Wakishaenea, tia vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita 1 ya maji, ukoroge polepole, uweke kwenye chupa ya kunyunyizia. Sabuni ya unga ya kufulia iache kabisa, huunguza majani. Maji matupu huteleza juu ya nta iliyomfunika kidukari. Sabuni huipenya nta hiyo na mdudu hukauka. Ila humuua yule tu iliyemgusa, na ikishakauka nguvu yake imeisha. Kwa hiyo geuza kila jani, nyunyiza upande wa chini mpaka litiririke, jua likiwa limetua au kabla halijachomoza, na urudie kila baada ya siku 3 au 4 kwa wiki 2. Anayesema sabuni haikusaidia, mara nyingi alinyunyiza juu ya jani, tena mara moja. Jaribu jani moja kwanza, ulitazame kesho yake. Mboga ioshe vizuri kabla ya kukata.

Pilipili na kitunguu saumu huwafukuza kidogo, si vya kutegemea peke yake. Majivu ya makaa yaliyochekechwa husaidia hadi yaoshwe na maji. Ugoro usitumie kwenye mboga: nikotini ni sumu kwa mtu pia.

Watazame na sisimizi wanaopanda shina. Vidukari hutoa majimaji matamu, sisimizi huyanywa na kuwalinda dhidi ya maadui zao. Adui mkubwa ni yule mdudu wa duara, mwekundu mwenye madoa meusi. Ukimwona, tafadhali mwache, yeye na watoto wake hula vidukari siku nzima. Dawa kali humuua yeye pia, na hili ndilo linalotuuma zaidi.

Ikiwa baada ya wiki hizo 2 bado wamejaa, tuletee jani ndani ya kikopo kilichofunikwa. Tukikuuzia dawa, tutasoma pamoja kwenye kibandiko namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, na siku za kusubiri kabla ya kuchuma.