Barua ya wazi kwa wanangu mnaotenga bakteriofaji

Wanangu,

Mniwie radhi nikianza kwa ukali, maana nimetoka kusikiliza mawasilisho ya tafiti za wanafunzi na sikuridhika. Kijana mmoja alituonyesha picha ya hadubini ya elektroni akisema hii ndiyo faji yake, yaani kirusi kinachoshambulia bakteria, na katika picha hiyo hiyo zilionekana chembe zenye mkia mrefu mwembamba na nyingine zenye mkia mfupi mno. Nilipomuuliza ameisafisha mara ngapi ili ibaki aina moja tu, alijibu kwamba plaki zote zilifanana, kwa hiyo aliona mara moja inatosha.

Haitoshi. Plaki ni doa angavu linalobaki pale faji moja ilipoingia katika tabaka la bakteria waliofunika sahani, ikazaliana, na uzao wake ukapasua seli za jirani. Ila faji husambaa ndani ya agari laini, ile jeli wanamokua bakteria, kupita ukingo unaouona kwa macho, na plaki mbili zilizogusana zinaweza kuonekana moja. Ndiyo maana tunachagua plaki iliyojitenga, tunaigusa kwa ncha safi ya pipeti, tunaichovya kwenye bafa, yaani kimiminika kisichoidhuru faji, tunazimua mara kumi hatua kwa hatua, tunapanda upya na bakteria wale wale, kisha tunarudia angalau mara tatu.

Mkiona doa moja kubwa na angavu, na jingine dogo lenye ukungu, msiniambie kwamba ni agari tu. Ukungu huo mara nyingi huashiria faji ambayo DNA yake huweza kujificha ndani ya bakteria bila kuwaua, nao waliosalimika huendelea kukua katikati ya doa. Ni kweli faji moja inaweza kutoa madoa ya ukubwa tofauti. Lakini hilo halijulikani kwa kukisia, hujulikana kwa kupanda kila aina peke yake. Anayeruka hatua hii huja kusomewa mfuatano wa jenomu mbili, yaani DNA yote ya faji mbili, zilizochanganyika, fedha zimeshalipwa na muhula umekwisha.

Mengine nayataja tu. Chujio la mikromita 0.22 huzuia bakteria na kupitisha faji nyingi. Agari ya juu, ile laini mnayoichanganya na bakteria, ikiwa ya moto mno huwaua bakteria wenu. Faji nyingi huhitaji kalisi ili zijishikize kwenye seli. Hesabuni sahani zenye plaki kati ya 30 na 300: plaki 45 kutoka mililita 0.1 ya kimiminika kilichozimuliwa mara milioni moja ni sawa na faji milioni 450 kwa kila mililita. Siphoviridae, jina lililokusanya faji zenye mkia mrefu, si familia rasmi tena tangu mwaka 2022. Umbo la mkia limebaki kuwa maelezo. Na sahani ya bakteria watupu, isiyotiwa faji, ionyesheni hata inapowaaibisha.

Lawama si zenu peke yenu. Vyuo vinatoa alama kwa bango lenye rangi nzuri na wala havifungui daftari la maabara. Kijana aliyesafisha faji yake kwa subira akakosa picha ya kupendeza hushindwa na aliyekimbia. Mnajifunza kile tunachokipa tuzo.

Hata hivyo, msiidharau kazi yenu. Faji iitwayo Muddy ilitengwa na mwanafunzi mjini Durban, Afrika Kusini, kutoka kwenye biringanya lililooza. Mwaka 2019 ilichapishwa taarifa ya mgonjwa wa miaka 15 mjini London, ambaye maambukizi ya bakteria aitwaye Mycobacterium abscessus yalimsambaa mwilini baada ya kupandikizwa mapafu, akatibiwa kwa mchanganyiko wa faji tatu, Muddy ikiwamo, na hali yake ikaimarika. Zile mbili nyingine zilibidi zibadilishwe jeni kwanza ili ziue ipasavyo. Muddy ilitumika kama ilivyotengwa. Madaktari waliweza kuifikia kwa sababu ilikuwa safi, imeelezwa, na imehifadhiwa.

Basi andikeni siku hiyo hiyo, si Ijumaa kwa kukumbuka: udongo ulitoka wapi, sahani ipi iliharibika, plaki ipi ilichukuliwa. Kabla hamjaondoka chuoni, wekeni mrija mmoja kwenye jokofu la nyuzi 4 na mwingine kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, kila mmoja ukiwa na jina la faji, bakteria mwenyeji na tarehe, kwa wino usiofutika kwa alkoholi.

Mzee wenu