Mhariri, dadu ya gemu siyo mkeka

Ndugu Mhariri,

Kamwene. Mi ni fundi simu hapa Mashine Tatu, Iringa. Gazeti lako nalisoma kila siku ila silinunui kila siku, ukweli niuseme, siku zingine naishia kusoma kichwa cha habari likiwa limebanwa na kibanio kwenye kamba ya muuzaji, zilizobaki nahadithiwa na dereva bajaji. Leo naandika kuhusu zile kurasa za michezo. Mpira upo, ngumi zipo, mikeka ndo usiseme, odi za mechi za timu ambazo hata majina yake hatuwezi kuyatamka, lakini gemu za kwenye simu ambazo vijana wanashinda nazo kutwa nzima hazipewi hata safu moja. Na mi nina gemu nataka kuisemea, mazuri yake na mabaya yake, kama utakuwa na nafasi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mama mkwe. Alikuja kutoka Ifunda mwezi wa saba, baridi ya huku mwezi wa saba unaijua, tumekaa jikoni tunaota moto wa mkaa, mi nimeshika simu yangu nacheza, akachungulia akaona dadu tano zinabiringika kwenye kioo. Akaniangalia. "Mkwe, na wewe umeanza kubeti?" Nikamwambia hapana mama, hapa hamna hela inayotoka wala inayoingia. Akasema, "Dadu ni dadu," akaendelea kumenya viazi. Mpaka anaondoka hakuliongea tena, ila mke wangu baadaye akaniambia kaulizwa pembeni kama kodi ya nyumba nimeshalipa.

Gemu yenyewe inaitwa Slice & Dice. Aliyeitengeneza anajiita tann, ipo kwenye simu na kwenye kompyuta, huko Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, iliingia Machi 2024. Ni zile gemu ambazo ukifa umekufa, unaanza upya kutoka mwanzo kabisa, na kila ukianza mambo yanakuja kwa mpangilio mwingine. Ukoo wake ni wa zamani, babu yao anaitwa Rogue, gemu ya mwaka 1980, walioianzisha ni Michael Toy na Glenn Wichman wakiwa chuo kule Santa Cruz, California, na enzi hizo shujaa wako ni alama ya @ tu inatembea kwenye skrini, picha hamna. Wajukuu wake ndo wamejaa kwenye simu saa hizi, wengine wanatumia karata, wengine mishale, hii yangu ni ya dadu.

Unapewa watu watano. Mwizi, mpiganaji, mlinzi, mganga wa kutibu na mchawi (hapa kijiweni nikisema mganga na mchawi wako timu moja watu wanacheka, lakini ndo hivyo). Kila mmoja ana dadu yake na dadu zenyewe hazina namba moja mpaka sita kama ya ludo, kila upande una kazi yake, huku upanga, huku ngao, huku dawa, na pande zingine ni tupu kabisa, ukiangukia huo mtu wako raundi hiyo kasimama tu kama nguzo ya umeme. Mapambano ni 20, na kila pambano la nne kuna bosi, yaani adui mkubwa kuliko wengine. Unaanza na vitu vya panya na mifupa inayotembea, unamaliza na joka au mwenzake wa kufanana naye.

Sasa uzuri wake uko hapa, na hapa nitakaa kidogo Mhariri usinikate. Maadui ndo wanarusha dadu kwanza. Unaona kabisa huyu panya anakwenda kumng'ata nani na kwa kiasi gani, mbwa mwitu huyu kamlenga mganga, atamuondolea damu ngapi, kila kitu kipo wazi mezani. Halafu unarusha zako tano, unashika unazozipenda, zingine unarusha tena, una nafasi mbili za kurudia. Baada ya hapo unapanga nani aanze. Ukimuua mbwa mwitu kabla hajafika zamu yake basi lile pigo lake limekufa naye, hivyo ngao uliyotaka kumuwekea mganga unaipeleka kwingine. Na ukishakosea mpangilio kuna batani ya kurudisha nyuma, unarudi hatua moja, mbili, zote, bure, hamna adhabu. Dadu zenyewe ndo hazirudi, ukizirusha umezirusha, ila ulivyozitumia unaweza kupanga upya mpaka akili itulie. Sijawahi kuona gemu ya bahati inayokuonea huruma namna hii. Nimewahi kukaa kwenye raundi moja dakika kumi, mteja kasimama dirishani anasubiri simu yake, mi nahamisha pigo moja kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na ikakubali, wote watano wakatoka hai.

Halafu kuna hesabu. Probabiliti tulifundishwa fomu foo, na mwalimu wetu alikuwa anachora dadu ubaoni vizuri kabisa, ila mi kichwani nilikuwa nawaza ugali wa mchana. Nimekuja kuielewa ukubwani kwenye hii gemu. Chukua mfano unataka upande mmoja tu kati ya sita, ule wenye upanga mkubwa. Nafasi zako ni tatu, ya kwanza na mbili za kurudia. Watu wengi watakwambia tatu kwa sita ni nusu kwa nusu. Siyo. Kukosa mara moja ni tano juu ya sita, kukosa mara tatu mfululizo ni 125 juu ya 216, kwa hiyo kupata ni 91 juu ya 216, kama asilimia 42 tu. Ukiwa na pande mbili zinazokufaa unafika asilimia 70, ukiwa na tatu unafika 87 na nusu. Mara unaanza kuelewa kwa nini vile vifaa unavyowapa watu wako, vinavyobadilisha upande mmoja wa dadu, vina thamani kuliko vinavyoonekana. Dogo ninayemfundisha kazi hapa dukani alifeli hesabu, saa hizi anapiga hizo hesabu nyuma ya kitabu cha risiti na ananibishia, na mara nyingine yeye ndo yuko sahihi, inaniuma.

Na haili bando. Unaipakua mara moja imeisha, hata ukiwa huna intaneti inacheza. Matangazo hamna. Kuna kipande cha kujaribu bure, ukiipenda unalipia mara moja tu na hakuna mtu atakayekuomba hela tena. Hapo kwenye kulipia ndo mi nilipata shida kwa sababu kadi ya benki sina, nikamuomba shemeji aliyeko Dar anilipie, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika ni gemu.

Haya, mabaya. Mwezi wa nane nilikuwa naenda Uyole kwenye harusi, nimepanda basi asubuhi, nimeanza mapambano tulipoiacha Ipogolo. Mafinga nipo vizuri. Makambako watu wameshuka kununua mahindi mi hata sikushuka, nipo na bosi wa pambano la 12. Igawa nikawa nimebakiza mawili, na Chimala ndo nikakutana na joka. Mganga wangu kabakiwa na damu tatu, joka limemlenga, naye mlinzi dadu yake ina ngao pande tatu, yaani ile asilimia 87 na nusu niliyoisema. Nikarusha, hamna ngao. Nikarusha, hamna. Nikarusha ya mwisho ikazungukazunguka pale ikakaa upande mtupu. Mganga kafa, raundi iliyofuata mchawi kamfuata, kufika Igurusi timu nzima imeisha. Karibu saa nne za basi. Mama niliyekaa naye siti moja akaniuliza, "Kaka, kuna msiba?"

Sasa hapo unaweza kusema ndo bahati, moja kati ya nane lazima itokee siku moja. Nakubali. Na nilivyofikiria baadaye, kosa langu lilikuwa nyuma, kwenye pambano la 14 hivi niliachia kifaa cha kuongeza damu nikachukua cha kuongeza pigo kwa tamaa. Lakini kuna jambo lingine ambalo siyo kosa la mchezaji. Wakati wa kupandisha daraja watu wako unaletewa machaguo machache, na mara nyingine yote hayaendani na timu uliyonayo, halafu bosi anayekuja ni yule hasa ambaye timu yako haina dawa yake. Hapo umeshakufa tangu pambano la 16 ila hujaambiwa, utapambana mpaka la 20 kama mtu anayepaka rangi nyumba iliyowekewa alama ya X. Batani ya kurudi nyuma inakurudisha ndani ya raundi tu, haikurudishi kwenye uamuzi wa jana. Hilo ndo doa kubwa kwangu, maana kule kwenye raundi imekuwa wazi kwa kila kitu, ila kwenye safari ndefu inakuficha.

Doa la pili ni lugha. Kwenye yangu Kiswahili sikuona, na maneno ni mengi na ni magumu, kila upande wa dadu una neno lake na kila neno lina kanuni yake. Kuna upande mmoja kazi yake ni kwamba unafanya kazi palepale unapoangukia wakati unarusha, kabla hata hujautumia. Mi nilikaa siku tatu naona damu ya adui inapungua yenyewe, nikajua kioo changu kinajibonyeza, nikafungua simu, nikasafisha, nikabadilisha kioo, nikaweka kizima kabisa nilichokuwa nakiuza. Kumbe neno moja tu sijalielewa. Na maandishi yenyewe madogo, kwa simu zetu hizi za kioo kidogo chenye nyufa unatafuta miwani, vipicha vya upanga na vya ngao vinafanana mpaka uvisogeze puani.

Hadithi hamna. Hawa watu watano wametoka wapi wanaenda wapi hujui, joka lina ugomvi gani na wao hujui. Kuna wanaosema haina haja, mi naona ingenoga, hata mistari miwili tu. Na aina za kucheza zimejaa kwenye menyu, ugumu mpaka uliopewa jina la Jehanamu upo, mtu mgeni anasimama pale hajui aanze wapi. Dogo nilimwambia aanze na ile ya kawaida na asiguse kingine mwezi mzima.

Ukitaka nyepesi ya kumfundishia mtu ipo Dicey Dungeons, ya Terry Cavanagh, ilitoka Agosti 2019 na kwenye simu ikaja 2022. Hiyo upanga ukiuwekea dadu ya tano unapiga tano, mtoto anaelewa. Na ina kitu nilikipenda sana, washiriki wamegeuzwa kuwa dadu zenye miguu ndani ya shindano la televisheni, na mwenye shindano ni Bibi Bahati mwenyewe, kila mtu akimaliza safari anazungusha gurudumu la zawadi na ile zawadi aliyoitaka haipati. Nilimuonyesha hiyo jamaa mmoja wa kijiweni kwetu ambaye kila jioni mkeka wake unachanika kwa timu moja, timu moja tu, akacheka sana halafu akanyamaza.

Maana nilichotaka mama mkwe akione ni hiki, dadu ya gemu yangu unaonyeshwa, ya kamari unafichwa. Yale madubwi ya kutumbukiza sarafu ya mia mbili yaliyowekwa pembeni ya maduka, dadu yake huioni, pande zake huzijui ngapi ni tupu, na hamna anayekuonyesha kabla hujapigwa. Mtoto wa shule anasimama pale na sare yake hela ya daftari imekwisha, na anaamini kesho itatema. Angekuwa kapiga zile hesabu za 216 nyuma ya kitabu cha risiti angejua pa kuuliza. Hivyo Mhariri, kwenye ukurasa mmoja unaojaa odi naomba robo tu, muwape vijana waandike gemu gani ni nzuri, ipi inakula bando, ipi inaomba hela kila dakika mbili, ipi ni wizi mtupu. Kuandika tutaandika bure.

Na kama kuna msomaji yeyote, Mbeya, Njombe, popote, kashawahi kumtoa yule bosi anayeitwa Hexia akiwa na timu ambayo mganga wake kashakufa mapema, naomba aandike hapahapa alifanyaje, mi hapo nimekwama wiki ya tatu.

Fundi Simu,
Mashine Tatu, Iringa