Usikatae Kuketi Barazani

Ujiji, Kigoma

Mpendwa Mama Neema,

Pokea salamu za wote huku Ujiji. Sisi hatujambo, watoto wanakua, na mama mkwe bado anasumbuliwa na magoti ingawa sokoni haachi kwenda. Barua yako ililetwa na yule kijana wa mawese anayepitia mpakani Manyovu, nikaisoma nimesimama hapo hapo mlangoni. Nimefurahi mno kusikia mmemaliza kuezeka. Ila ukurasa wa mwisho ndio ulioninyima usingizi, kwa hiyo nivumilie, jibu langu litakuwa refu.

Unasema watu wa kilima chenu huko Burundi, yaani kijiji chenu, wamekupendekeza uingie kwenye baraza la kusuluhisha migogoro ya mashamba, nawe unataka kukataa kwa kuwa hayo ni mambo ya wazee wa kiume na wewe ni mtu wa kuja. Shoga yangu, nakusihi usikatae. Miaka niliyokaa kwenye baraza la kata hapa imenionyesha jambo moja: watu wakishasameheana damu, bado wanaweza kuuana kwa sababu ya mpaka. Damu ilishamwagika, wanaomba dua na kulia pamoja. Shamba liko pale pale. Aliyenyang'anywa anapita kando yake kila asubuhi akienda kuchota maji, na anamwona mwenzake akivuna.

Najua wapo watakaokwambia funika kombe mwanaharamu apite, vita vimekwisha, kwa nini uchokonoe. Hebu tazama kwenu ilivyokuwa. Mwaka 1972, baada ya uasi wa mwezi Aprili huko huko Rumonge na Nyanza-Lac, utawala wa Rais Micombero uliua Wahutu kwa makumi ya maelfu, na waliopona wakavuka kuja kwetu, wazazi wako wakiwamo. Mashamba hayakubaki wazi yakiwangoja. Yaligawiwa watu wengine, na mengine yakaingizwa kwenye miradi ya michikichi. Waliopewa hawakuwa wezi wote. Wengi walikuwa maskini waliotoka milimani, wakapokea ardhi kutoka mikononi mwa serikali, wakalima, wakazaa, wakazika wazazi wao humo. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya mwaka 1986, ikasema aliyekalia ardhi miaka 30 ni yake, au 15 kama aliipata kwa nia njema. Piga hesabu kuanzia 1972. Baba yako alipokuwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora, akisikiliza redio na kungoja siku ya kurudi, sheria ilikuwa inamhesabia miaka.

Hasira ya namna hiyo haikai bure. Palipehutu, chama cha Wahutu kilichokuja kushika silaha, ilianzishwa mwaka 1980 Mishamo, ndani ya makazi ya wakimbizi wa 1972. Sisemi kila aliyepoteza shamba alishika bunduki. Baba yako alishika jembe, akalima tumbaku hadi mgongo ukapinda. Lakini yeyote aliyetafuta vijana wa kuwapa bunduki alijua pa kuwapata.

Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi, wa tarehe 28 Agosti 2000, mimi siubezi, na huwa nagombana na wanaoubeza. Mwalimu aliuhangaikia mpaka mauti yakamkuta Oktoba 1999, Mandela akaupokea na kuumalizia. Ulitaka jeshini kabila lolote lisizidi nusu, na katiba ya mwaka 2005 iliyotokana nao ikapanga serikali na bunge kwa asilimia 60 za Wahutu na 40 za Watutsi. Jeshi ambalo watu walilikimbia miaka yote likachanganywa, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu kubwa ya machafuko ya mwaka 2015, pamoja na ubaya wake wote, kutogeuka vita vya kabila kwa kabila. Na ardhi haikusahauliwa. Mkataba unasema mkimbizi arudishiwe mali yake, na isipowezekana alipwe fidia ya haki. Tatizo ni kwamba vyeo viligawiwa kwa asilimia zinazojulikana, na shamba likaachiwa tume ya ardhi. Tume ilipoundwa mwaka 2006 ilikuwa ikiwasukuma watu wagawane. Baadaye ikageuka, ikawa inamrudishia mkimbizi shamba zima, na aliyeishi hapo miaka arobaini akaambiwa atoke. Wewe mwenyewe uliniandikia wakati ule jinsi mkoa wa Makamba ulivyochemka. Wa kwanza alidhulumiwa kweli, lakini kwa kumpa haki yake namna ile akapatikana mwingine wa kudhulumiwa, naye ana watoto wa kiume wanaokua.

Sasa nije kwenye michikichi, maana hapo ndipo utakapokesha.

Tuliwahi kupokea shauri la mzee mmoja aliyekwenda Mpanda akakaa huko miaka mingi, akarudi na kukuta jirani amepanda shamba lake lote. Kila mmoja alikuja na mashahidi wake, na kila shahidi aliapa. Siku ya kwanza tulipoteza muda wote tukisikiliza viapo. Siku ya pili mwenyekiti wetu akasema twende shambani. Tulipofika, mama mmoja mzee, mjumbe mwenzetu aliyekamua mawese tangu usichana wake, hakuuliza mtu kitu. Alitembea kutoka mti hadi mti akipapasa mashina. Upande wa bondeni ilikuwapo michikichi mirefu ya zamani, dura, yenye makovu ya ngazi za wakweaji wa miaka na miaka. Katikati ilikuwapo ya umri wa kati, iliyopandwa bila mstari. Juu ilikuwapo mbegu ya kisasa, tenera, mifupi, mistari imenyooka, mikungu unaifikia ukiwa umesimama. Akasema, "Hii ya bondeni ni ya mzee na baba yake. Hii ya juu ni ya huyu jirani. Ya katikati ilijiotea yenyewe, hakuna aliyeipanda." Wale mabwana wawili wakatazamana, na hakuna aliyembishia.

Tulivyomaliza ni hivi: ardhi yote ikarudi kwa mzee, na miti ya bondeni akaanza kuvuna siku hiyo hiyo. Ile ya tenera jirani aliendelea kuivuna kwa misimu waliyokubaliana, arudishe gharama na jasho lake, kisha aikabidhi. Ya katikati wakaivuna kwa zamu. Iliandikwa yote kwenye daftari, wakatia dole gumba, wake zao pia. Mzee alinung'unika kwamba misimu ni mingi, jirani akanung'unika kwamba ni michache. Mpaka leo wanauziana mise, zile kokwa za chikichi.

Nakusimulia haya kwa sababu kwenu shauri ni lile lile, ila limeongezewa uzito. Jirani yetu huyu alikuwa na shamba lake lingine la kurudia. Huko Nyanza-Lac anayeambiwa atoke mara nyingi hana pa kwenda, na aliipata ardhi kwa mkono wa serikali. Hapo msikubali kubebeshwa mzigo usio wenu. Serikali iliyompa mtu wa pili shamba la mtu wa kwanza ndiyo inayodaiwa fidia, na baraza lenu liwe na ujasiri wa kuandika hivyo kwenye kila shauri: huyu ana haki, na huyu naye ana haki, mdaiwa ni serikali. Mkikaa kimya, maskini wawili wataachwa wagombane huku mdaiwa akiwatazama.

Tena msimtoe mtu kabla hajajua atalala wapi. Hilo nalisema kwa uchungu. Mwaka 2015 wakimbizi kutoka kwenu walipojaa Kagunga, kijiji chetu cha mpakani, makumi ya maelfu kwenye kile kipande cha ufukwe chini ya mlima, na kipindupindu kikaingia, meli ya Liemba ndiyo iliyowatoa. Unajua wakati ule pale hapakuwa na gati, meli ilitia nanga majini na watu wakapelekwa kwa mitumbwi. Wakishafikishwa hapa mjini walikuwa wanapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika, nasi akina mama wa mtaani tukapeleka uji. Nilimpa kikombe mzee mmoja aliyekuwa na mfuko wa plastiki amejifunga kiunoni, ndani ya shati. Nikadhani ni fedha. Kumbe zilikuwa karatasi za shamba lake la Rumonge. Alikimbia 1972 akiwa kijana, akarudi, akakimbia tena baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, akarudi, na sasa yuko tena mbele yangu na kikombe cha uji. Hakulalamikia njaa. Aliniuliza kama najua ofisi ya kutoa nakala, kwa sababu karatasi zilikuwa zimelowa na wino unaanza kupotea. Mama Neema, tunaposema tujenge amani, mtu ninayemfikiria ni yule.

Kuhusu kwamba wewe ni mwanamke, hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kukutaka uingie. Sheria yetu ya Tanzania inataka wajumbe watatu wa baraza la kata wawe wanawake, na nimeona kinachobadilika wanapokuwapo. Vita vinaua wanaume wengi, wanaorudi ni wajane na mabinti. Kwenu mpaka leo hakuna sheria ya mirathi inayompa binti fungu lake la ardhi kama kaka yake, watu wanafuata mila. Basi mjane anarudi na watoto wanne, shemeji yake anamwambia shamba ni la ukoo. Nani atalisema hilo barazani kama wote walioketi ni mashemeji? Wanyarwanda walibadilisha sheria yao mwaka 1999, miaka mitano tu baada ya mauaji ya kimbari, mabinti wakaruhusiwa kurithi. Nchi ilikuwa imejaa wajane, isingeweza kulimwa vinginevyo.

Nikiwataja Wanyarwanda, nakumbuka uliniuliza juu ya gacaca, zile mahakama zao za wanavijiji za kesi za mauaji ya kimbari. Arusha ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ilishtaki watu 93, wakubwa wakubwa, na ilistahili. Lakini jirani aliyebeba mabati yako hafikishwi Arusha. Gacaca zilikaa vilimani mpaka zilipofungwa Juni 2012, zikapitia kesi karibu milioni mbili, na zaidi ya milioni 1.3 kati ya hizo zilihusu mali: ng'ombe, mabati, milango, mazao. Watu hushangaa nikiwaambia. Wanadhani baada ya mauaji kama yale hakuna atakayekumbuka mlango. Anakumbuka, kwa sababu kila akipita anauona kwenye nyumba ya mtu. Zilikuwa na kasoro zake, na iliyo kubwa kwangu ni kwamba zilihukumu uhalifu wa upande mmoja tu, waliouawa na askari wa upande ulioshinda hawakuwa na pa kupeleka kilio chao. Hilo mlichukue kama onyo. Baraza lenu likisikiliza waliokimbia 1972 tu, na kuwafungia mlango Watutsi waliofukuzwa kwenye nyumba zao mwaka 1993, mtakuwa mnapanga foleni ya vita vingine.

Juzi kaka yako alinipigia kutoka Ulyankulu. Ameuza tumbaku, bei haikumridhisha, lakini mwanawe wa kwanza anasoma Tabora mjini. Nilimwuliza kama anajuta kubaki. Akacheka, akasema anakumbuka tu ile miaka waliyoambiwa wameshakubaliwa uraia lakini itabidi wahamishwe mikoa mingine, hakuna aliyethubutu kupanda hata mwembe. Vyeti vilipoanza kutolewa mwaka 2014, wakaruhusiwa kukaa pale pale, alipanda miembe wiki hiyo hiyo. Watu kama 162,000 walipewa uraia katika makazi matatu ya wakimbizi wa 1972, na mimi najivunia nchi yangu kwa hilo kuliko mambo mengi tunayojisifia. Ametulia, hana ugomvi na mtu, kwa kuwa anajua mahali alipo ni pake. Wewe ulichagua kurudi na hukukosea. Nataka tu watoto wako wafike pale alipofika yeye.

Kwa hiyo ukubali. Siku ya kwanza uombe daftari gumu lenye kurasa zenye namba, mtu asije akachana. Mwende shambani kabla ya kusikiliza viapo. Mwulize bibi kizee yeyote wa kilima hicho nani alipanda nini, hata kama hakuitwa kuwa shahidi. Wale watoto waliokulia huku, ambao Kiswahili chao ni kizuri na Kirundi chao kinachekwa, uwatafutie mkalimani wakija kudai. Nimesikia wengi wanashindwa kwa sababu ya aibu ya kusema. Na shauri likiwa la ndugu zako, uondoke kwenye kiti hata kama hakuna aliyekuambia.

Nimempa kijana wa mawese madaftari mawili na kitabu chetu cha fomu za usuluhishi, uone tunavyoandika, kisha mbadilishe mpendavyo. Pia kuna kilo mbili za dagaa wa Kibirizi, wakaushe tena kidogo maana mvua imetuchelewesha. Uniandikie baraza linaketi lini, na ni wajumbe wangapi wanawake mbali na wewe. Kama uko peke yako, sema mapema nije Mugina, upande wenu wa mpaka, tuonane kabla hamjaanza.

Nisalimie Baba Neema na watoto wote.

Ni mimi rafikiyo,
Mama Zawadi