Somo, kimbia mwendo wa kuitikia

Mbagala, Dar es Salaam
5 Oktoba 2025

Kwako somo,

Asalaam alaykum. Sisi huku wazima. Mama miguu inamsumbua kama kawaida, lakini anakula na anagombana na wajukuu, kwa hiyo hali ni njema. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza jikoni nikacheka peke yangu mpaka watoto wakaja kuchungulia. Nimeona bora nikuandikie, maana kwenye simu utanikatiza kila neno, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Umesema ugoko unakuuma miguu yote miwili, hamu imekuishia, na shemeji anakucheka. Halafu kwa pumzi hiyohiyo ukasema unataka kwenda Moshi kukimbia kilomita 21. Somo, wewe!

Naanza na Moshi kwa sababu ndiyo rahisi. Hujatazama kalenda. Kilimanjaro Marathon huwa mwishoni mwa Februari, na mwakani Ramadhani itaandama tarehe 18 au 19 ya mwezi huohuo. Utakuwa kwenye funga za mwanzo, koo kavu, halafu upande mlima. Tena mlima kweli: nusu marathon ya pale inatoka mjini inashika njia ya Mweka, unapanda katikati ya migomba na kahawa, na ni mpaka ugeuze ndipo unapopata mteremko. Utaniambia msafiri ana ruhusa ya kula. Ruhusa ipo, ila hili la kufunga safari makusudi ukakimbie, kawaulize masheikh wa Tanga, mimi simo. Na usiseme "basi 2027", kwani Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na 2027 itaanza mapema Februari. Mbio zitatukuta tumefunga tena. Moshi tuiache, mlima hauhami.

Sasa jambo lenyewe. Unakimbia mbio mno. Hayo mengine yote uliyolalamikia yanatoka hapo.

Kikundi chetu cha jogingi hapa mtaani kina mzee mmoja, fundi cherehani, mfupi, filimbi shingoni, ndiye anayetuanzishia nyimbo. Jumapili tunatoka Rangi Tatu kuelekea Zakhem, tisheti zimefanana, wengine vijana wa bodaboda, wengine mama ntilie, na mbele yupo yeye anaimba, sisi tunaitikia. Siku moja tulikuwa tunakwenda vizuri tu, akapunguza mwendo ghafla. Nikamfuata nikamuuliza kulikoni. Akasema yeye hasikilizi miguu, anasikiliza kiitikio. Sauti zikianza kupungua huko nyuma anajua kuna watu wameishiwa pumzi, anarudisha mwendo mpaka wote waitikie tena. Hana saa ya kupima mapigo ya moyo, wala hajawahi kusomea ukocha.

Kumbuka mchakamchaka wetu wa shuleni. Alfajiri na umande, pekupeku, mwalimu wa zamu na fimbo yake, nasi tunaimba mpaka mwisho wa shamba la shule na kurudi. Nani aliwahi kutuambia yale ni mazoezi? Na nani kati yetu aliwahi kuumia? Tulikuwa tunakwenda kwa mwendo wa wimbo, na mtu hawezi kuimba huku anahema.

Mwendo huo ndio unaojenga. Moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, vimishipa vidogo vinaongezeka ndani ya misuli, mwili unazoea kutumia mafuta yake badala ya kumaliza sukari yote mapema. Haya huja taratibu, kwa wiki na miezi, na huja vizuri zaidi ukiwa unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika. Wewe ulivyonieleza, unatoka mlangoni kama umeibiwa, ukifika kona ya pili unashika kiuno, unarudi nyumbani umenuna. Hapo hujajenga pumzi, umejifundisha kuchukia tu.

Najua unachoogopa. Unaogopa kuonekana unakwenda polepole. Ukiwa peke yako barabarani hakuna wa kuitikia, basi ongea na nafsi yako, soma hata sura fupifupi. Ukishindwa kumaliza aya kwa pumzi moja, tembea. Kutembea si aibu. Kimbia dakika mbili, tembea moja, ukamilishe nusu saa, na ufanye hivyo mara tatu kwa wiki. Baada ya muda utajikuta umesahau kutembea.

Shemeji anakuambia Filbert Bayi alikuwa anachomoka tangu mlio wa bastola. Kweli, na mimi nampenda kwa hilo. Christchurch, Februari 1974, mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza mwanzo mpaka mwisho, John Walker wa New Zealand akamfukuza hadi kwenye utepe asimpate. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia ya wakati huo. Lakini mwambie shemeji zile ni mbio zinazoisha kabla chai haijachemka, na aliyekimbia alikuwa ameshakuwa Bayi.

Kama anataka Mtanzania wa kututolea mfano sisi wa mwendo mrefu, basi amtazame Alphonce Simbu mwezi uliopita kwenye marathon ya mashindano ya dunia kule Tokyo. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane, mimi nimelala, naamka swala ya alfajiri nakuta simu imejaa. Zaidi ya saa mbili yumo kundini, katulia, hana haraka. Petros wa Ujerumani akachomoka mwishoni, ukimwona unasema huyu kashaondoka nayo. Simbu akamfuata mpaka uwanjani akampata palepale kwenye mstari. Wote wameandikiwa saa 2:09:48, wametenganishwa na sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, na imepatikana kwa mtu kujua kungoja! Na kumbuka London 2017 alikuwa wa tatu. Miaka minane hiyo.

Na Akhwari, yule mkimbiaji wetu wa marathon wa zamani uliyenitupia mwishoni mwa sauti yako, eti alimaliza Mexico 1968 goti limeumia na bandeji mguuni, kwa hiyo na wewe uvumilie ugoko. Hapana, somo. Yule alikuwa na jina la nchi kifuani na Olimpiki mbele yake. Wewe kesho una zamu kazini. Nani anakungoja kwenye utepe?

Ugoko unauma kwa sababu moyo na mapafu huzoea upesi kuliko mifupa. Wiki chache tu unajisikia una pumzi, unaongeza, lakini mfupa na nyama zinazoushika bado hazijakubaliana na hizo hatua mpya. Pumzika mpaka uweze kutembea na kupanda ngazi bila maumivu, halafu uanze tena chini kuliko pale ulipoachia. Ila jikague: pitisha kidole kwenye mfupa. Maumivu yakitambaa sehemu ndefu, mara nyingi ni uchovu wa kawaida wa ugoko. Yakiwa mahali pamoja padogo, ukibonyeza unaruka, na usiku yanakuuma hata umelala, nenda hospitali wakutazame, huenda mfupa umeanza kupata ufa. Ukiwa hivyo usikimbie kabisa.

Raba ulizovaa ni za aina gani? Usije ukawa unakimbilia zile nyeupe za kwenda nazo harusini. Nitumie namba ya mguu wako, nitapita Karume. Mitumba ya raba za kukimbilia pale ni mizuri kuliko mipya mingi ya dukani, mradi ujue kuchagua. Mimi huigeuza nikatazama soli, ikiwa imelika upande mmoja naiacha hata iwe inang'aa vipi. Halafu nabonyeza pale kwenye kisigino kwa dole gumba: ikiwa ngumu imekufa, ikirudi bado ina maisha. Uache na nafasi ya upana wa kidole mbele, maana mguu huvimba kidogo ukipata joto. Na sidiria ya michezo, tafadhali, hiyo nunua mpya, ibane vizuri. Wanawake wengi wanaacha kukimbia kwa ajili ya hilo tu na hawasemi. Kuhusu mavazi huna wasiwasi: suruali ya traksuti, tisheti ndefu ya mikono mirefu, mtandio mwepesi uliobanwa. Kwenye kikundi chetu wako wengi wa hivyo na wanatuacha.

Hamu sasa. Unaniuliza naipata wapi. Siipati. Saa kumi na moja alfajiri sijawahi kuwa na hamu ya kitu chochote isipokuwa kulala. Ninatoka kwa sababu filimbi imelia nje, na kwa sababu nisipotokea wale watu watapita kwangu kugonga geti na kuniulizia kama nina msiba. Ndivyo tulivyo. Tukimaliza kukimbia tunachangishana kwa aliyefiwa, tunakwenda kumwona mgonjwa, tunasafisha mtaro. Ukikosa, unakosa mengi kuliko mbio.

Huko kwenu kama kikundi kiko mbali, tafuta mtu mmoja. Yule jirani yako muuguzi aliyekuwa anatembea Raskazone jioni, mnaweza kuanza naye. Mkubaliane kabisa mahali na saa, na atakayechelewa anunue mihogo ya chai. Tena si vizuri uwe peke yako kukiwa bado giza. Mkitoka baada ya swala mwanga unakuwa umeanza, mnashika barabara ya kando ya bahari, mnapita Bombo, upepo unatoka kisiwani Toten, nani atawazuia? Watakaokuuliza unakimbizwa na nani wajibu kwamba unakimbizwa na mwenye nyumba. Mimi huwajibu hivyo na siku hizi hata wale wauza kahawa wamenizoea, nikipita kimya wanauliza kama kodi nimelipa.

Siku ambayo hata muuguzi hakutokea, vaa tu, utoke, uende dakika kumi. Zikiisha na bado hutaki, rudi, na siku hiyo imehesabika. Mara nyingi hutarudi.

Jingine, Tanga na Dar ni mamoja kwa joto. Desemba kaskazi ikishaingia, usijipime na mwendo wa sasa hivi. Hewa yetu ya pwani ina maji mengi, jasho linachuruzika tu halikauki, na ni kule kukauka ndiko kunakoupoza mwili. Moyo nao unapiga zaidi kwa sababu damu inapelekwa kwenye ngozi kutafuta ubaridi. Utajiona umerudi nyuma. Hujarudi, ni hali ya hewa. Punguza mwendo, kunywa maji, usubiri kusi.

Kwa hiyo ninavyoona mimi: mpaka mwisho wa mwaka ni mchanganyiko wa kukimbia na kutembea, hakuna kujishindanisha. Januari uunganishe nusu saa bila kusimama. Ramadhani upumue, dakika ishirini nyepesi kabla ya futari, maji yako karibu, au usikimbie kabisa utembee tu baada ya tarawehe. Baada ya Idi ndipo uongeze ile siku moja ya mwendo mrefu, dakika chache kila wiki, na mkienda Lushoto kwa wakwe usikae barazani kutwa, ile milima ni shule ya bure. Halafu Julai twende Dodoma.

Umesikia, Dodoma. NBC Dodoma Marathon huwa mwishoni mwa Julai, majira ya kusi, kule asubuhi ni baridi kavu mpaka utatafuta sweta. Kuna kilomita 5, 10, 21 na 42. Tujiandikishe 10. Usinibishie kuhusu 21, tutaizungumza ukishakimbia 10 ukafika ukiwa unaongea, na wewe kuongea sina wasiwasi. Utakuja Dar siku mbili kabla, tupande treni ya SGR, tulale kwa dada yangu, chakula tutajipikia wenyewe maana usiku wa kuamkia mbio si usiku wa kujaribu pilipili za watu.

Desemba nakuja kwenye harusi, kama ulivyosikia. Mwandae muuguzi wako, Jumapili asubuhi twende wote Raskazone, mimi nianzishe na nyinyi muitikie. Nimwambie kabisa shemeji au utamwambia wewe? Akija aje na raba zake, asije na za kuazima kwa mwanawe.

Usisahau namba ya mguu.

Ni mimi somo yako