Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kazi: bosi anayetukana anabanwa na nani?

Shikamoo Kamishna. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu hili jambo ni la watu wengi ambao wenyewe hawawezi kukuandikia, wako madukani, magodauni, viwandani, majumbani kwa watu, na wakirudi jioni hata kuongea hawataki.

Kuna dada tunakaa naye mtaa mmoja hapa Dar, alikuwa keshia duka la jumla. Siku hiyo nilikuwa kwenye foleni mwenyewe, amepata shoti ya elfu 12 na bosi akatoka ofisini akaja kumsimamia pale kaunta mbele ya wateja, "mbwa wewe, kichwa maji, masikini wewe nikikufukuza utakufa njaa", na yule dada anaendelea kuhesabu noti mikono inatetemeka, zinamponyoka, anaanza upya, zinamponyoka tena, na sisi wote kimya. Baadaye hela ikaonekana, ilikuwa kwenye droo nyingine. Radhi hakuombwa. Siku chache mbele akaacha kazi, barua alinionyesha kwenye simu, mistari minne tu: naacha kazi kwa sababu zangu binafsi, nakushukuru bosi kwa nafasi uliyonipa.

Kamishna, hiyo barua ndo inaua haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema wazi kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike mpaka mtu akaacha, inahesabika ameachishwa, yani kama umeshafika miezi 6 kazini unaweza kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, unajaza fomu namba 1, mnaitwa kwenye usuluhishi, mkishindwana mnaenda kwenye uamuzi. Sasa yeye kaandika sababu binafsi na kashukuru juu, bosi akiitoa hiyo karatasi mezani dada wa watu atasema nini? Na nani alimwambia kabla hajaandika?

Halafu kuna kanuni za ajira zilizotoka kwenye Tangazo la Serikali, GN 42 ya 2007, kanuni ya 7, inataka mtu awe ametumia kwanza utaratibu wa malalamiko wa hapo kazini, isipokuwa kama alikuwa na sababu ya msingi ya kutoutumia. Duka lile mwenye mali ndo bosi, ndo anayetukana, ndo anayelipa mshahara, utaratibu gani? Sababu ya msingi hapo ipo kabisa ila mfanyakazi hajui kama anaruhusiwa kuisema.

Linaloniuma zaidi ni kifungu cha 7 cha ile Sheria ya Ajira. Kinakataza unyanyasaji kazini, sawa, lakini kinaufunga kwenye orodha: kabila, dini, jinsia, mimba, ulemavu, VVU, umri na kadhalika. Bosi akikutukana kwa mimba yako amebanwa, ukishaonyesha dalili za kutosha yeye ndo anatakiwa athibitishe hakukubagua. Ila akikuita mbwa tu, na wenzako wote anawaita mbwa, anatoka hapo mweupe. Anayetukana kila mtu anakuwa na nafuu kuliko anayetukana mmoja, na hilo mimi sikubaliani nalo, maana Katiba ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, haijasema ukiwa na mimba tu. Na kwenye orodha ileile hali ya maisha imo! "Masikini wewe utakufa njaa" kama siyo tusi la hali ya maisha ni la nini? Naomba maafisa wako wakishike hicho kipengele wakisimamie.

Najua kuna polisi pia, lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani ni kosa la jinai, lakini tuambizane ukweli, ukimpeleka bosi kituoni kesho unaingia wapi kazini.

Wafanyakazi wenzangu mnaosoma hii, andikeni tarehe, maneno yenyewe na nani alisikia, voisi za WhatsApp msifute, lalamikeni kwa maandishi na mbaki na kopi, na mkiacha kazi barua iseme sababu ya kweli. Kama bado mko kazini na tusi linaangukia kwenye ile orodha, CMA inapokea pia bila kuacha kazi, siku 60 tangu tukio.

Kamishna, ninachokuomba. Mfikishie Waziri kwamba unyanyasaji ukatazwe wenyewe kama ulivyo bila kuunganishwa na orodha, kama Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 190 wa 2019 ambao unahesabu hata tukio la mara moja, Uganda na Rwanda waliuridhia 2023. Pili, kila mwajiri anatakiwa asajili kwako mpango wa kuondoa ubaguzi kazini, waulizwe iko wapi hiyo mipango, na maafisa wako wanapoingia kukagua mikataba na mishahara wakae na wafanyakazi pembeni, bosi asiwepo, wawaulize mnaongeleshwaje hapa.

Na hili la mwisho halisubiri Bunge. Sheria tayari inamtaka kila mwajiri abandike haki za wafanyakazi sehemu inayoonekana. Mimi pale dukani ukutani nimeona kalenda na bei ya mchele tu. Agiza zibandikwe, Kiswahili kinachosomeka, na ziwe na hili la siku 30 na hili la usiandike sababu binafsi kama umefukuzwa kwa matusi. Asiyebandika afisa wako ana mamlaka ya kumpa amri ya utekelezaji, ampe.

Wako,
Mfanyakazi, Dar es Salaam