Kwako Shangazi uliyeacha kidonge cha presha

Shikamoo Shangazi,

Nimepiga mara mbili, mara zote una wageni. Basi naandika hapa, maana simu huiachi mkononi.

Nimesikia majibu yalipoonyesha lehemu (kolesteroli) imepanda, jirani akakwambia dawa za presha ndizo zinazojaza mafuta kwenye damu, nawe ukaacha kumeza.

Jirani hajasema uongo mtupu. Kile cha kukojoza, haidroklorothiazaidi, kinaweza kupandisha lehemu kidogo, hasa dozi ikiwa kubwa. Atenololi na propranololi nazo huweza kuongeza trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, na kushusha lehemu nzuri. Lakini amlodipini, losartani na enalaprili hazigombani na mafuta yako. Kwa hiyo usizifunge zote kamba moja.

Sasa sikiliza kisa hiki. Mwaka 1994 ulianza utafiti mkubwa uitwao ALLHAT, sehemu kubwa Marekani: watu zaidi ya 42,000 wenye presha, umri miaka 55 kwenda juu, dawa nne za presha. Moja, doksazosini, ilikuwa inashusha lehemu. Hiyo ndiyo ungeikimbilia, na mimi nyuma yako. Mwaka 2000 watafiti wakaisimamisha mapema. Waliokuwa wakiitumia walipata tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu vizuri karibu mara mbili ya wale wa klothalidoni, ambayo ni ndugu wa kidonge chako cha kukojoza!

Na hiyo klothalidoni? Baada ya miaka minne, wastani wa lehemu ya watumiaji wake ulikuwa miligramu 197 kwa desilita, wa lisinoprili, dawa nyingine kati ya zile nne, 195. Tofauti ni pointi mbili, na mshtuko wa moyo haukuzidi. (Samli ya pilau lako la Ijumaa leo siitaji.)

Kinachonitisha mimi ni presha iliyoachwa peke yake wiki tatu. Kiharusi hakipigi hodi. Lehemu ina dawa zake, statini, na daktari akiona zinafaa utameza vyote viwili. Akikuandikia simvastatini na unatumia amlodipini, mkumbushe: zikiwa pamoja, simvastatini isizidi miligramu 20 kwa siku.

Kesho nenda kliniki, usisubiri tarehe yako. Beba pakiti zote, hata ile uliyoificha nyuma ya sukari, pamoja na majibu ya lehemu. Uliza dozi yako ya kukojoza ni miligramu 12.5, 25 au 50, na kama inaweza kupunguzwa au kubadilishwa.

Nitapiga saa mbili usiku. Wageni wawe wameshaondoka.