Mtori wa mzazi

Moshi, Jumapili jioni

Shoga yangu wa tangu utotoni,

Salamu nyingi kutoka huku chini ya mlima. Sisi hatujambo. Mamako mpe shikamoo yangu, mwambie simsahau.

Uliniuliza tunakula nini na watu wa huku wakoje. Nilipopanda basi Mombasa nilidhani ugeni utakuwa mdogo. Ni Voi, Taveta, unavuka mpaka Holili, umefika, na lugha ni yetu ile ile. Kumbe lugha moja nayo ina adabu zake kila mahali. Siku ya pili niliingia dukani nikasema, "Nipa sukari nusu." Muuzaji akanipimia kimya. Nyuma yangu akaja mtoto wa shule, akaamkia, akasema, "Naomba chumvi." Akapewa, na "karibu tena" juu yake. Tangu siku hiyo kila kitu naomba: naomba maji, naomba nipite, naomba kuuliza. Ukimpita mtu analima au anafagia, unamwambia pole na kazi hata kama humjui. Nimeipenda sana hiyo. Na sokoni Mbuyuni ujue kabisa kwamba buku ni shilingi 1,000 na jero ni 500.

Lakini habari yenyewe ni ndizi. Sisi tumezoea ndizi za nazi, au mbivu zenye iliki mwezi wa Ramadhani. Wachaga ndizi kwao ni chakula chenyewe, na kila ndizi ina kazi yake. Mshare ni ya kupika. Machalari ni ndizi na nyama. Kiburu ni ndizi na maharage, inatiwa magadi, na hayo magadi ulimi wangu bado haujayakubali. Nyingine huachwa ziive, zikapikwa na kuchanganywa na ulezi kuwa mbege. Mbege siinywi, na hakuna aliyenishurutisha. Harusini waliniletea soda, wao wakapitishiana kata yao, wazee kwanza.

Sasa nikupe la wiki hii. Mkwe wa bibi mwenye nyumba amejifungua mtoto wa kike. Alfajiri bibi alinigongea: "Mwanangu, njoo tumpikie mzazi mtori," yaani supu nzito ya ndizi na nyama. Akanipaka mafuta mikononi kabla sijashika kisu, maana utomvu wa ndizi mbichi ukikauka kwenye vidole hautoki kwa sabuni. Kila ndizi tuliyomenya tuliitumbukiza majini isigeuke nyeusi. Nyama ya mifupa ilikuwa jikoni tangu saa kumi na moja, supu yake imeshakolea. Tukatia ndizi na kitunguu, zikaiva mpaka zikalegea, ndipo bibi akashika mwiko akaanza kuponda, polepole, akizungusha kwa mkono mmoja na mwingine umeshika sufuria kwa kitambaa. Nami nilishika mwiko. Kila nikidhani imelainika, anauinua, anaangalia unavyodondoka, anasema, "Bado, inakwama." Mwisho ikateleza kama uji. Akatia siagi ya maziwa ya ng'ombe wake, ikayeyuka juu ikawa madoa ya manjano. Nilimuuliza kama tui la nazi lingefaa. Akafikiri kwelikweli, kisha akasema, "Hilo ni la kwenu. Hili la mlimani linataka siagi."

Mzazi alikunywa bakuli mbili. Akaniambia, "Aika mae," asante mama, na mimi mtoto wangu wa kwanza sijamzaa bado! Bibi ananieleza kwamba zamani mzazi alikaa ndani miezi mitatu, hashiki jembe wala ndoo, kazi yake kula na kunyonyesha. Mkwe wake ameajiriwa, na likizo ya sheria ni siku 84, basi bibi anazihesabu zote na hataki kumwona na ufagio hata siku moja.

Kuna jambo moja lilinitia haya, nalo nakwambia ili ukija usilirudie. Wiki ya kwanza nilikata majani marefu ya kijani kwenye ua nikayaweka mezani kama maua. Bibi alipoingia alisimama mlangoni. Hakunigombeza. Alikaa, akanifundisha: lile ni isale. Hupandwa mpakani mwa shamba na makaburini, na mtu aliyekukosea akikuletea jani lake kuomba msamaha, humkatalii, hata kosa liwe kubwa namna gani. Nikamwomba radhi. Akacheka kidogo, akachomoa jani moja kutoka mezani kwangu, akasema, "Basi nipe hili hili." Nikampa kwa mikono miwili. Akalipokea.

Ukija njoo kabla ya katikati ya Desemba, maana Wachaga wote wa mjini hurudi kula Krismasi nyumbani, na mabasi hujaa.

Halafu naomba (umeona?) kitu kimoja. Jana bibi ameniuliza mzazi wa Mombasa hupikiwa nini. Nilimtajia uji wa pilipili manga, lakini vipimo sivijui, nilikuwa naula tu nilipokwenda kutazama wazazi. Muulize mamako: pilipili kiasi gani, hutiwa saa ngapi, na tangawizi huingia au haiingii. Niandikie upesi. Bibi ameshanunua pilipili manga, iko kwenye kikopo dirishani, na siku 84 zinakwenda.

Wako akupendaye